Woka ya mtoto: mshono nimeupenda, magurudumu siyataki

Woka ni kile kiti chenye magurudumu anachowekwa mtoto ati kimfundishe kutembea. Nianze na alama ili mwenye haraka asihangaike: nyota 2 kati ya 5. Moja ya kitambaa, moja ya kijimeza cha mbele ambacho hata uji ukikaukia juu yake unafutika kirahisi. Zile tatu zimepotelea kwenye magurudumu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Tabata. Tuna chumba na sebule, na sebule ndiyo ofisi. Mwanangu Jabir anakulia katikati ya pini, mikasi, pasi na wateja wanaoingia na viatu. Alipofika miezi 10 bila dalili ya kusimama, maneno yakaanza. Wifi yangu: "Wa kwangu umri huu alikuwa anashika makochi anazunguka nyumba nzima." Mama mkwe akaleta mafuta ya nazi kutoka Pangani, akaniambia nimkande magoti asubuhi na jioni. Wateja nao hawakubaki nyuma. Mtu kaja kupima gauni la sendofu, anaondoka kaniachia ushauri: "Mama Jabir, huyu mbona kukaa tu? Mtafutie woka."

Wifi hakungoja nijibu. Alikwenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, akarudi na boksi lenye picha ya mtoto anayecheka meno mawili. Shilingi 85,000, na anasema walianzia laki na kumi. Kwa kubishana bei nampa yeye nyota zote tano.

Sasa niikague kama ninavyokagua kazi ya fundi mwenzangu. Kiti kimeshonwa vizuri. Pindo limepigwa mshono mara mbili kwa uzi wa nailoni, na kwenye matundu ya miguu wamezungushia utepe laini ili mapaja yasikwaruzike. Kitambaa kinavuliwa, kinafuliwa, kinarudishwa. Nilikivuta kwa nguvu zangu zote hakikuachia hata uzi mmoja. Kimo kinapandishwa na kushushwa kadiri mtoto anavyorefuka. Ikikunjwa inakuwa bapa na kuingia chini ya kitanda, jambo kubwa sana kwa mpangaji.

Muziki ni adhabu, ila hilo mzazi atazoea. Ambalo hatakiwi kuzoea ni betri. Kile kisimu cha kuchezea kilichopachikwa pembeni kinatumia betri bapa za mviringo, ndogo za saizi ya kifungo, na kifuniko chake hakina skrubu: nilikifungua kwa ukucha. Betri hizo mtoto akimeza, zikikwama zinaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Nimezitoa. Simu haiiti tena na hakuna aliyelalamika.

Twende kwenye magurudumu.

Sakafu yetu ni saruji iliyosuguliwa, si vigae. Jabir alipowekwa mle ndani miguu yake iligusa chini kwa ncha za vidole tu. Akatulia kidogo, akashangaa, akasukuma, akafyatuka. Alifika mlangoni kabla sijatoa mguu kwenye pedeli ya cherehani; bahati mlango ulikuwa umefungwa. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mtoto kwenye woka anaweza kwenda karibu mita 1 kwa sekunde 1. Piga hesabu hiyo kwenye sebule yako. Kwenye yangu, ukihesabu moja mpaka nne umemaliza nyumba. Ndiyo maana lile neno letu la "si nipo hapa hapa, namwona" halina msaada. Unamwona, ndiyo. Kumwahi ndiko hakupo.

Mlango wetu unatazama uani, kuna ngazi tatu za kushukia, na chini ya ngazi ndipo wapangaji wote tunapopanga majiko ya mkaa jioni. Boksi linajisifu kwamba woka ina kinga ya kuanguka. Nikaipindua kuitafuta: ni vipande vya mpira vilivyobandikwa chini ya fremu. Gurudumu likivuka ukingo wa ngazi, fremu inashuka, mpira unagusa sakafu na kuing'ang'ania. Wazo lenyewe zuri.

Kwa mtoto sikulijaribu. Nilichukua kiroba cha sembe cha kilo 10, maana kadi ya kliniki inasema Jabir ana kilo 9 na nusu, nikakifunga kwenye kiti kwa khanga, nikakisukuma kuelekea ngazini kwa mwendo wake yeye. Mpira ukauma, woka ikasimama ukingoni imeinama. Nikafurahi kweli. Kisha nikanyunyizia mchanga kidogo, ule ule unaoingia na viatu vya wateja kila siku, nikasukuma tena. Kiroba kikashuka ngazi zote, woka juu yake, sembe ikafika hadi kwenye jiko la Mama Upendo. Jirani akauliza nafanya nini. Nikamjibu niko kwenye ukaguzi wa ubora.

Asije mtu akasema hayo ni ya sembe tu. Kule Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2014, watoto zaidi ya 230,000 wa umri chini ya miezi 15 walitibiwa kwenye vitengo vya dharura kwa ajali za woka. Tisa kati ya kila kumi waliumia kichwa au shingo, na karibu robo tatu walianguka ngazini. Canada waliifungia kabisa tangu Aprili 2004: marufuku kuuza, kuingiza nchini wala kutangaza, hata iliyotumika, yaani hata ya mtumba. Na hao ni watu ambao jiko lao liko juu, kwenye kaunta. Letu liko chini, chupa ya chai iko kwenye stuli, ndoo ya maji iko pembeni ya mlango.

Mwenzenu kilichonitisha kuliko ngazi ni waya wa pasi. Mtoto anayetambaa anafika chini ya meza na kuchezea masalio ya vitambaa. Ukimweka kwenye woka umemsimamisha wima, mkono wake ghafla unafika pembe ya meza, unafika kitambaa kinachoning'inia, unafika waya. Mwili umeongezwa kimo na mwendo, na akili ni ile ile ya jana inayotaka kuonja kila kitu.

Lakini kwamba anachelewa? Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi, si woka. Nilipompeleka kliniki kupima uzito nikamwambia nesi wazi kwamba nasemwa. Hakunicheka. Alimkalisha Jabir kwenye mkeka akaanza kuuliza huku akimwangalia. Anakaa mwenyewe bila kuegemea? Kitu anakihamisha kutoka mkono huu kwenda ule? Ukimwita jina anageuka? Anatumia mikono na miguu ya pande zote sawasawa, au kuna upande anauburuza? Akampa kijiko, Jabir akakipokea, akakihamisha, akakitia mdomoni.

Ndipo akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wazima wa afya Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likakuta kutembea peke yake mtoto anaweza kuanza popote kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Wote hao ni wazima. Wapo hata wasiotambaa kabisa, wanakaa, wanasimama, wanaondoka zao. Kwa hiyo wa wifi yangu ni mzima na wa kwangu ni mzima. Nilimwomba anirudie hiyo sehemu polepole ili nikaifikishe nyumbani bila kupunguza neno.

Aliniambia pia ya kuogopa, na haya nayaandika kwa ajili ya mama mwenye wasiwasi kama wangu: mtoto amefika miezi 9 hawezi kukaa bila kushikwa, amefika miezi 18 hatembei, miguu imekakamaa au imelegea mno, anatumia upande mmoja tu, au alikuwa anajua jambo na sasa halijui tena. Hapo usingoje zamu ya kliniki wala mafuta ya nazi. Nenda.

Kuhusu woka alisema haimfundishi mtoto kutembea, na ikitumika sana inaweza hata kumchelewesha. Mle ndani uzito unabebwa na kiti, miguu inafanya kazi ya kusukuma kwa vidole, na kijimeza kinamzuia kuiona miguu yake mwenyewe. Kuyumba hayumbi, kwa hiyo kujishika hajifunzi. Kutembea kunaanzia chini: kugeuka, kujivuta, kushika kochi, kuanguka kwa makalio, kuinuka tena.

Nikirudi kwenye bidhaa, maoni yangu ni kwamba hii kitu haikutengenezwa kwa ajili ya miguu ya mtoto. Imetengenezwa kwa ajili ya mikono ya mama. Na simbezi mtu, mimi mikono naihitaji; mwenye gauni lake Jumamosi haelewi habari ya mtoto. Ila kama tunachonunua ni nafasi ya kufanya kazi, basi tununue kitu kinachotoa nafasi hiyo bila kumpa mtoto mwendo.

Nilikwenda Keko kwa seremala. Nikamwagiza vitu viwili, jumla 60,000, pungufu ya bei ya woka.

Cha kwanza ni kigeti cha mlangoni. Fito zimesimama wima, maana za kulala mtoto anazifanya ngazi, na kati ya fito na fito vinapita vidole vyangu vitatu, kichwa hakipiti. Komeo liko upande wa nje, juu. Nyota 5. Wateja wanalalamika kuruka kigeti na magauni yao, waache walalamike, wamepunguza hata kuingia na viatu.

Cha pili ni kigari cha kusukuma, cha mbao, mtoto anasimama nyuma yake kwa miguu yake na kushika mpini. Hiki nakipa 4. Kilipokuja kilikuwa chepesi mno: Jabir alijivuta kusimama, kikamkimbia, akakaa chini akakilaumu kwa sauti. Nikaweka mfuko wa mchanga wa kama kilo 3 kwenye sanduku lake la mbele, kikatulia. Magurudumu ni ya mbao, na seremala alikuwa ameyavalisha soli za kandambili za zamani, kwa hiyo hayatelezi na hayapigi kelele. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya pembe, zilikuwa kali kama kiwembe, nikazifunika kwa sponji ya mabega ya makoti. Na hata hiki hakitumiki bila mtu kuwepo pembeni.

Jabir sasa ana miezi 13. Anasukuma kigari kutoka kochi hadi cherehani, anageuka kwa shida, anarudi. Peke yake bado hajatembea. Wifi akija anaangalia saa ya ukutani, halafu ananiangalia mimi.

Woka ipo. Niling'oa magurudumu yote, sasa imekaa kama kigoda, Jabir anakulia uji mle wakati napiga pasi, uji ukiisha anatoka. Wifi alinuna siku mbili tatu kwamba nimeharibu zawadi, nikamwonyesha mshono wa kiti, nikamsifia, yakaisha. Mteja mmoja aliniomba nimuuzie magurudumu na fremu vyote kwa 40,000. Nilikataa, nikamwelekeza Keko.

Nanyi mkienda huko, mwambieni seremala apige msasa pembe zote kabla hamjalipa, atumie skrubu badala ya misumari, na asipake rangi, maana mpini wote utaishia mdomoni. Akiwaambia njooni Jumatano, nendeni Jumamosi. Sisi mafundi mnatujua.