Chiang Mai: kula kwanza Ban Ho, mengine baadaye

Anayeniuliza ale wapi Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand, namwambia asikimbilie migahawa ya kupigia picha ya Nimman, mtaa wa kisasa wa mji huo. Aende Ban Ho, mtaa mdogo karibu na Night Bazaar (soko la usiku), wenye msikiti wa Waislamu wa asili ya Yunnan, Uchina. Wazee wao walifika huku na misafara ya nyumbu ya biashara. Kwa sisi tunaoangalia halali, hapo ndipo roho inatulia. Kwingine nguruwe hakwepeki, na ile soseji yao maarufu, sai ua, ni kitimoto, hata inukie vipi.

Chakula chenyewe ni khao soi: tambi za mayai ndani ya mchuzi wa tui la nazi na binzari, halafu juu wanarundika tambi nyingine zilizokaangwa hadi zikakauka. Pembeni unaletewa kisahani cha achari ya majani ya haradali, vitunguu vidogo vyekundu vibichi, kipande cha ndimu na pilipili ya kukaangwa. Kamulia ndimu, onja, ndipo uguse pilipili, maana haina masihara. Mimi nachukua ya nyama ya ng'ombe pale Khao Soi Islam. Bei haiumi, ila bakuli ni dogo. Mlaji wa kwetu ataagiza la pili tu.

Ukiwa mjini Ijumaa, rudi mtaa huohuo asubuhi kwenye gulio. Watu wa milimani wanashusha mboga, chai, achari za kila rangi, na tofu ya njano ya kabila la Washan, inayopikwa kwa unga wa dengu badala ya soya. Wahi, kabla ya adhuhuri wanaanza kufungasha.

Kahawa nakunywa kwenye mkahawa wa Akha Ama. Buni inatoka kwa wakulima wa kabila la Akha, kwenye milima ya kaskazini ambako zamani kulilimwa afyuni. Mtoto wa Kilimanjaro nilienda na dharau zangu, nikanyamaza.

Kuzunguka, panda songthaew nyekundu, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana kama chai maharage za Dar enzi zile. Taja unakokwenda na mkubaliane nauli kabla hujapanda. Mji mkongwe, ulioanzishwa mwaka 1296, tembea kwa miguu. Mahekalu ni mengi mno. Mimi ningechagua Wat Chedi Luang, mnara mkubwa wa matofali uliokatika kilele kwa tetemeko la 1545. Vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Jumapili jioni barabara ya Ratchadamnoen inafungwa kwa magari, inakuwa soko. Pazuri, ila msongamano wake unachosha.

Usiende Februari hadi Aprili. Mashamba na misitu vinachomwa, moshi unajaa bonde zima, macho yanawasha na mlima Doi Suthep huuoni. Novemba hadi Januari ndio wakati wake, na usiku beba sweta.