Fundi wa Mbuyuni na mistari ya kamanda

Koti lenyewe nililipata mitumba ya Memorial kwa 12,000: buluu nzito, safu mbili za vifungo. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanaigiza vita vya Ziwa Tanganyika, na mmoja wao anamwigiza Geoffrey Spicer-Simson, Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1915 na boti mbili, Mimi na Toutou, zilizoburutwa nchi kavu kupitia Kongo.

Nikalipeleka kwa fundi wa Mbuyuni ashone mistari ya cheo mikononi. Kabla hajaligusa, akauliza, "Mwalimu, hii si sare ya JWTZ? Hizo mimi sishoni." Nikamwambia ni ya wanamaji wa Uingereza, tena ya miaka mia iliyopita. Nikampendea hapo hapo.

Nilimchorea kwenye karatasi. Mistari miwili ya utepe wa dhahabu mkononi ni luteni; miwili na mwembamba katikati ni luteni kamanda; mitatu ni kamanda, ndiye wetu; minne ni kapteni. Mstari wa juu kabisa una kitanzi.

Aliahidi Alhamisi, nikapewa Jumamosi. Mkono wa kulia mistari mitatu, wa kushoto minne!

"Utepe ulibaki, mwalimu. Na nne si ndiyo kapteni? Kapteni mdogo tu, shemeji yangu yuko jeshini, ananiambia yuko chini ya meja."

Nchi kavu, sawa. Majini kapteni analingana na kanali, na kapteni wa nchi kavu analingana na luteni wa majini, yule wa mistari miwili. Tulibishana mpaka mama aliyefuata gauni la kipaimara akavuta kiti asikilize.

Mstari wa ziada aliufumua bila kudai hata mia. Matundu ya sindano yamebaki, ila jukwaani hayataonekana. Kitanzi ndicho kilichonifurahisha: amekishona kwa mkono, kimelala vizuri, na nimekipiga pasi mara mbili hakijanyanyuka. 15,000 pamoja na utepe, sina neno. Ila siku anayokutajia, wewe ongeza mbili.

Nimeshamrudia kwa sketi ya kaki. Spicer-Simson aliivaa kweli kule ziwani, alishonewa na mkewe. Fundi alicheka hadi akavua miwani, akaandika vipimo, akasema Jumatano. Watoto nimewaambia Ijumaa.