Seti ya modeli za molekuli: heterosikliki inazimudu, ila kwenye nitrojeni wametubania

Kama unasoma kampaundi za heterosikliki (zile za pete yenye atomu isiyo kaboni ndani yake) na vile vishale vya mekanizimu, vya kuonyesha elektroni zinavyohama, vimeshaanza kukuvuruga, hii seti ya vipira na vijiti chukua tu. Rangi ni zilezile za siku zote, kaboni nyeusi, nitrojeni bluu, oksijeni nyekundu, salfa njano. Kuunda piridini (pete ya atomu sita yenye nitrojeni) au furani (ya atomu tano yenye oksijeni) ni kazi ya dakika mbili na wala si sababu ya kuinunua, utamu uko kwenye riaksheni ambazo atomu zinahamahama.

Chukua riaksheni ya Fischer ya kutengeneza indoli (pete ya benzini iliyoshikana na pete ya atomu tano yenye nitrojeni), ile ya 1883. Fenilihaidrazoni (ina pete ya benzini na nitrojeni mbili zilizofuatana) unaipasha moto na asidi, bondi ya nitrojeni kwa nitrojeni inakatika, kaboni mbili zinaungana, halafu mwishoni amonia inatoka, sawa, lakini si nitrojeni ziko mbili, sasa inayotoka ni ipi? Mi nilitia alama kipira kimoja cha bluu kwa maka peni nikawa nakifuata hatua kwa hatua, na unaona kabisa iliyoshikana na pete ya benzini inabaki, ile ya mbali ndo inaondoka. Allen na Wilson walilithibitisha hili 1943 kwa nitrojeni-15 ya ukweli, yaani nitrojeni nzito inayoweza kufuatiliwa, sisi wa maka peni ndo hivyo hahaha.

Sasa lawama. Vijiti vigumu mno! Jaribu riaksheni ya Ciamician-Dennstedt, piroli (pete ya atomu tano yenye nitrojeni moja) na klorofomu kwenye besi kali inakupa 3-kloropiridini, yaani pete ya atomu tano inageuka ya sita, ila katikati ya safari kuna kipete cha atomu tatu chenye pembe za kama digrii 60 wakati matundu ya kaboni yametobolewa kwa 109, basi kila ukibana hapa kule kunachomoka. Vijiti laini wameweka vichache sana.

Na kubwa zaidi, nitrojeni zote ni za piramidi. Ya piroli iko bapa kwa sababu elektroni zake mbili zimeingia kwenye mzunguko wa elektroni sita unaoipa pete uthabiti wake, anayeanza akiishika hii atabeba picha ya uongo. Halafu bluu zenyewe tatu tu! Riaksheni ya Dimroth ya aminotriazoli (nitrojeni tatu ndani ya pete, moja nje) inataka nne, pete ifunguke, izunguke, ijifunge tena na nitrojeni ya nje iwe ya ndani, hapo utaazima chekundu ukipe cheo cha nitrojeni.

Nyota nne kati ya tano. Kama muuzaji ana vipande vya ziada, ongezea bluu bapa na vijiti laini kwenye oda hiyohiyo.