Uzi wa kufumia maua ya theluji: upi ununue Arusha na Moshi, upi uuache dukani

Maduka ya vifaa vya ushonaji yanayozunguka Soko Kuu la Arusha, na yale ya katikati ya mji wa Moshi, hupanga uzi mweupe wa kila aina kwenye rafu moja: wa sweta, wa kudarizi, wa cherehani, wa vitambaa vya makochi. Ukisema tu "naomba uzi mweupe wa kufumia", utapewa ule ulio karibu na mkono wa muuzaji. Kwa kitambaa cha meza unaweza kuponea hapo. Kwa ua la theluji, yaani pambo la kroshia lenye umbo la chembe ya theluji, la kutundika kwenye mti wa Krismasi, huponei. Kitambaa hulazwa mezani, ua linaning'inia, na ncha zake sita zinatakiwa kusimama bila kushikwa na kitu.

Kwa hiyo nimeupanga uzi hapa kwa kigezo kimoja tu: unashika ncha au haushiki? Bei nimeitazama baadaye. Oda nyingi za mapambo haya huja kati ya Oktoba na Desemba, kabla Wachaga hawajaanza kupanda nyumbani kwa sikukuu, na anayenunua uzi mbaya Oktoba atajuta Desemba akiwa na rundo la maua yaliyonyong'onyea.

Wa kwanza: pamba namba 10, iliyosokotwa vizuri

Namba za uzi wa kroshia huenda kinyume na unavyotarajia. Kadiri namba inavyopanda, uzi unakuwa mwembamba. Namba 10 ndiyo ya katikati, na mifumo mingi ya maua ya theluji imepangwa kwa uzi huo. Kwa sindano ya chuma ya milimita 1.5, ua la raundi tano au sita hutoka na upana wa sentimita nane hadi kumi hivi, saizi inayokaa vizuri kwenye tawi. Mwenye mkono mlegevu ashuke hadi 1.25. Nguzo, yaani mishono mirefu ya ua, zikilegea, hakuna wanga utakaoziokoa. Anayebana sana ndiye wa kupanda hadi 1.75.

Kwenye lebo tafuta neno mercerized. Limetokana na jina la Mwingereza John Mercer, ambaye miaka ya 1840 aligundua kwamba pamba ikipitishwa kwenye kostiki soda inakuwa imara na kushika rangi vizuri zaidi. Baadaye ikaonekana kwamba ikivutwa kwa nguvu wakati wa kazi hiyo inapata na mng'ao. Kwa mfumaji maana yake ni hii: uzi hautoi manyoya. Manyoya ndiyo huziba matundu madogo ya ua, na ua la theluji lisilo na matundu ni kifuniko cha glasi tu.

Usiamini lebo peke yake, kwani uzi unaokaa muda mrefu kwenye rafu yenye jua na vumbi huchoka. Mwombe muuzaji: "Mama, naomba nivute kidogo nione." Shika ncha ya uzi kati ya vidole viwili uuzungushe kinyume na msokoto wake. Uzi mzuri unagoma kwanza, halafu unafunguka na kuonyesha nyuzi ndogo, mara nyingi tatu. Ukifumuka papo hapo kama pamba ya hospitali, mrudishie kwa heshima. Kisha toka nao hadi mlangoni. Taa za dukani hufanya kila kitu kionekane cheupe, lakini juani utagundua kuna weupe wa maziwa, weupe wa karatasi na ule wa samawati kwa mbali. Ukishachagua mmoja, nunua madonge yote ya oda yako siku hiyohiyo, na hakikisha namba ya rangi kwenye lebo inafanana. Wiki ijayo mzigo utakuwa mwingine.

Bei linganisha kwa mita, si kwa gramu wala kwa ukubwa wa donge. Donge la gramu 50 la uzi wa chapa ya DMC Cebelia namba 10, kwa mfano, lina takriban mita 260. Ukipata donge la bei nafuu lisiloandikwa mita, kuwa na mashaka kidogo. Pima uzi kabla ya kuanza ua la kwanza, upime tena ulichobakiza, hapo utajua donge moja linakutolea maua mangapi na upange bei ya kuuzia bila kubahatisha.

Wa pili: namba 20

Huu hutoa ua zuri kuliko yote. Cebelia ya namba hii ina takriban mita 370 kwa gramu zilezile 50, ncha zake huchongoka kama miiba, na vinundu vya pembeni huonekana kimoja kimoja. Nimeuweka wa pili kwa sababu ya macho na muda. Unataka sindano ya milimita 1 au 1.25, mwanga wa mchana, na subira ya mtu anayechambua mchele wenye chenga. Mnunuzi akisimama mbele ya meza yako anaona ua dogo na anataka lishuke bei, wakati ndilo lililokula muda zaidi. Ununue kwa zawadi za watu unaowapenda, au kwa hereni.

Wa tatu: namba 5

Nene, rahisi kuona mishono, na humfaa anayejifunza. Pia ndio uzi wa maua makubwa ya dirishani au ya mlangoni. DMC Petra namba 5 huja donge la gramu 100 lenye mita 400. Faida nyingine ni sindano: spoki ya baiskeli iliyochongwa ndoano na kusuguliwa vizuri, ambayo bibi zetu wengi wameifumia maisha yao yote, kwa kawaida ina unene wa milimita 2, na hapo ndipo inapofaa. Kwa namba 10 ni nene mno.

Kasoro yake ni kwenye ncha, ambazo hutoka butu. Na hapa niseme neno kuhusu ncha zenyewe: ziwe sita. Fuwele ya barafu hujipanga kwa pembe sita kwa sababu ya namna molekuli za maji zinavyoshikana zikiganda. Mmarekani Wilson Bentley alizipiga picha kupitia hadubini kuanzia 1885, akafikisha zaidi ya 5,000. Wengi wetu hufuma nane, kwa mazoea ya vitambaa vya meza. Mtalii aliyeshuka Kibo na theluji kwenye viatu anaweza asiseme kitu, lakini ataliona.

Wa nne: uzi wa koni usio na lebo

Huu huuzwa kwa uzito na ni nafuu, na kwa oda ya maua mia moja unavutia kweli. Muuzaji atakuapia kwamba ni pamba tupu. Huenda ni kweli. Omba kipande cha urefu wa kidole, toka nje, kichome kwa kiberiti. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi linalopukutika. Ikiwa ncha imeyeyuka ikawa punje nyeusi ngumu, umeshikishwa poliesta au mchanganyiko, na hiyo hainywi wanga vizuri. Ukifaulu mtihani wa moto, upe na ule wa msokoto. Koni nyingi huanguka hapo, maana uzi wake umekusudiwa kufumwa mashineni.

Ukiamua kuununua, fuma ua moja, lifue kwa maji ya moto, ulikaushe, kisha uamue kuhusu mengine tisini na tisa.

Wa tano: uzi wa kudarizi

Ule wa kung'aa uliosokotwa kama kamba, unaoitwa perlé, unafaa, ila namba zake ni za ukoo mwingine. Perlé namba 8 huja kwenye kidonge cha gramu 10 chenye mita 80. Ukipiga hesabu, gramu 50 ni mita 400, yaani ni mwembamba kama namba 20 ya kroshia, au zaidi. Anayenunua namba 8 akidhani inakaribiana na namba 10 atashangaa ua limekuwa sarafu. Vidonge vyake vidogo pia hufanya mita iwe ghali. Nautumia kuweka duara la fedha au buluu katikati ya ua, basi. Ule wa nyuzi sita zilizolala sambamba usiuguse kabisa, sindano itachoma katikati yake kila mshono.

Wa mwisho: uzi wa sweta

Akriliki ni nzuri kwa kofia ya mtoto. Kwa ua la theluji inatoa manyoya, inapwaya, na ukiipiga pasi ya moto inayeyuka. Bei yake isikudanganye. Uzi unaofumuliwa kutoka vitambaa vya mitumba vya Memorial, soko la mitumba la Moshi, ni pamba halisi mara nyingi, lakini umeshajikunja na kuchakaa; ni wa mazoezi.

Ukiwa bado dukani

Nunua na kitu cha kukakamazia ncha. Wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi hutoa ua safi, linalofulika na kutiwa wanga upya mwaka ujao. Sukari iliyoyeyushwa kwenye maji hukakamaza vizuri zaidi, ila inaita sisimizi, na mvua za vuli zikinyesha ua huanza kunata. Kwa maua ya kuuza mimi nachagua gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Haifuliki tena, lakini ua linafika Dar kwenye begi likiwa na umbo lake.

Ua lililolowa huchomekwa pini kwenye kadibodi iliyofunikwa nailoni, pini moja kila ncha, mpaka likauke. Pini za bei rahisi hushika kutu, na doa la kutu kwenye pamba nyeupe halitoki kirahisi. Nunua pakiti moja kwanza, zichomeke kwenye kitambaa cheupe kilicholoa uziache hadi asubuhi. Kitambaa kikibaki cheupe, rudi ukachukue za kutosha.