Kemshafti za digrii 288 kwa gari la foleni: sitasahau nilivyojibiwa

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Gari langu ni Corolla ya zamani, injini 4A-GE, vali 16. Linanipeleka kazini, linapeleka watoto shule, na siku mojamoja usiku nalinyoosha barabara ya Bagamoyo. Yote haya nilimweleza yule muuza spea. Akanipa jozi ya kemshafti, vile vyuma vinavyofungua vali (milango ya hewa ya injini), za digrii 288, wakati za kiwandani ni kama 240; digrii zikiwa nyingi, vali inakaa wazi muda mrefu zaidi. Nikamuuliza, "Kaka, si kubwa mno hizi kwa gari la kutembelea?" Akasema hizo ndizo zenyewe, nisiogope.

Asubuhi ya kwanza Ubungo nilitamani kulia. Kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, gari linatetemeka hadi kioo cha ndani hakionyeshi kitu, harufu ya petroli imejaa, linazima, nawasha, linazima. Na breki ngumu! Fundi wangu ndiye aliyenielewesha: kwa digrii hizo vali za kuingiza na za kutoa zinakaa wazi pamoja muda mrefu, mvuto wa hewa kwenye manifoldi, mabomba ya kuingizia hewa, unashuka, na haidrovaki inayosaidia mguu kwenye breki inakosa nguvu. Kontrol boksi yangu, kompyuta ya injini, inapima petroli kwa mvuto huohuo, basi inadhani nimekanyaga mafuta na inamwaga tu. Kemshafti hizo zinataka kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya injini, ipandishwe na kontrol boksi ya kuprogramu. Nani aliniambia hayo dukani?

Nikarudi kuomba karatasi ya vipimo, nijue vali inafunguka lini na inanyanyuka milimita ngapi. Alikuwa anakula chipsi. Hakuniangalia. Akafuta vidole kwenye boksi langu la kemshafti, akasema mbele ya wateja, "Dogo, kama gari limekushinda nunua bajaji." Dogo! Mimi baba wa watoto watatu! Alama za vidole vyake zipo kwenye boksi mpaka leo.

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini haki iwe haki. Usiku mmoja tulipopita Mapinga, barabara tupu, mdogo wangu pembeni, mshale wa mizunguko ya injini ulivuka 5,000 kwa dakika na injini ikageuka sauti. Ikatubana kwenye viti na kuendelea kuchanganya, haichoki. Miaka yote niliyokaa na hili gari sikujua lina sauti ile ndani yake. Kemshafti si mbovu. Mbovu ni aliyeniuzia bila kunisikiliza.

Sasa nimefunga 264. Sailensa imetulia, mizunguko ya chini linavuta vizuri. Unayeishi kwenye foleni, anzia hapo, na usilipe kabla ya kuona karatasi ya vipimo. Ila mizunguko ya juu hazifiki zile 288, nisiwadanganye. Nyota tatu. Hapana, nikikumbuka zile chipsi, mbili.

Zile 288 nimezipaka oili, nimezifunga kwa khanga kuukuu, ziko chini ya kitanda. Juzi kaja mtu na hela mkononi. Nimemwambia siuzi.