Tahadhari: seti za waya na rilei za taa kubwa zinazouzwa kama "shaba tupu"

Wakuu, kuna muuzaji mtandaoni anayesambaza seti ya waya na rilei (swichi ndogo zinazoendeshwa na umeme) za taa kubwa za gari. Tangazo lake linadai ni shaba tupu, inafaa gari lolote, na taa zitawaka mara mbili ya zamani. Jina la duka silitaji, na wala halitawasaidia sana, maana bidhaa hiyohiyo na picha zilezile naziona sasa chini ya majina mengine. Itambueni kwa jinsi ilivyo.

Kwa nje inapendeza: waya mweusi mnene, rilei mbili, soketi za kauri, vyote vimepangwa vizuri. Nilipoishika mkononi nikaona ni nyepesi mno, nikakata ncha na kuimenya. Unene wote ule ni plastiki. Nyuzi za ndani ni chache na nyembamba kama za waya wa spika. Nikakwangua uzi mmoja kwa wembe: rangi ya shaba ikabanduka, chini yake peupe. Ni alumini iliyopakwa shaba juujuu.

Balbu ya kawaida ya H4, ile ya taa kubwa yenye fulu na dimu pamoja, ni wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu. Ukiwasha fulu, balbu mbili zinakula wati 120, yaani kama ampea 10 kwenye umeme wa volti 12, mfululizo kwa safari nzima ya usiku. Alumini hupitisha umeme takribani asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule. Waya mwembamba wa namna hiyo unapata moto na volti zinapotea njiani. Balbu ya halojeni nayo haisamehe: volti zikishuka asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Kwa hiyo unaweza kulipia seti ya kuongeza mwanga ukaishia na taa hafifu kuliko ulizokuwa nazo.

Kilichonikera zaidi ni fyuzi. Imeandikwa 15, yaani ampea 15. Nikaipitishia mzigo wa zaidi ya mara mbili ya huo, juu ya meza, mbali na gari. Fyuzi halali ingekatika ndani ya sekunde chache. Hii ilibaki nzima huku waya ukianza kutoa moshi. Hebu fikiria hayo yakitokea chini ya boneti.

Hilo la "gari lolote" nalo ni uongo. Magari mengi ya Kijapani swichi yake ya taa hukata upande wa hasi, na waya wa pamoja wa fulu na dimu kwenye balbu ndio chanya. Seti hii imetengenezwa kwa mpangilio wa kinyume. Kwenye magari hayo rilei haishtuki kabisa.

Nilimtumia muuzaji picha. Akajibu kwamba pakiti ikishafunguliwa dhamana imekwisha (sasa mtu ataifungaje bila kuifungua?), kisha akafuta maoni yangu na kunifungia.

Na wengi wanaonunua hizi seti wala hawazihitaji. Taa zikififia, chukua kwanza mita ya kupimia volti. Washa taa, weka ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya soketi, balbu ikiwa imechomekwa. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, umeme unapotea upande huo: swichi, plagi au waya. Rudia kwa upande wa hasi. Mara nyingi mkosaji ni eathi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi: ile boliti iliyoshika kutu pale inapofungwa kwenye bodi. Kwangua mpaka chuma king'ae, kaza, pima tena. Kama ni taa moja tu iliyofifia, anzia kwenye soketi na eathi ya upande huo.

Mliokwisha kuifunga: washeni fulu injini ikiunguruma, subirini kama dakika 10, kisha zimeni na mguse waya karibu na rilei na nyuma ya soketi. Ikiwa ya moto au plastiki imelegea, chomoeni leo hii, kuanzia kwenye betri. Kama fundi hakukata waya za awali, plagi za zamani zinarudi moja kwa moja kwenye balbu. Kama alizikata, msiwashe taa hizo mpaka ziungwe upya kwa waya wa shaba, na fyuzi mpya kutoka kwa muuzaji mwingine.