Ramani ya ukutani ya safari za Paulo: inafaa kufundishia habari za Wayahudi na Mataifa?

Ramani hii huuzwa ikiwa imeviringwa, katika maduka ya vitabu vya Kikristo katikati ya jiji la Nairobi, na wanunuzi wake wakubwa ni walimu wa shule ya Jumapili na viongozi wa vikundi vya Biblia. Ipo ya ukubwa wa A1 na wa A0 ulio mkubwa zaidi, ya karatasi tupu na iliyofunikwa plastiki. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: kuonyesha jinsi Injili ilivyowafikia Wayahudi na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi. Mchoro wenyewe ni mzuri. Lakini ukiutundika jinsi ulivyo, darasa litaondoka na nusu ya habari.

Kwanza sifa zake. Antiokia mbili zimetenganishwa vizuri, ile ya Siria ambako safari zilianzia na ile ya Pisidia, bara ndani ya Uturuki ya leo. Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Njia kutoka Filipi hadi Thesalonike inapita Amfipoli na Apolonia kama Matendo ya Mitume 17 inavyosema. Majina yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo wanaosoma Biblia ya Kiswahili watahitaji kuandikiwa upya yale makuu.

Kasoro yake ya kwanza ni mahali inapoanzia. Mshale wa kwanza unawatoa Paulo na Barnaba Antiokia, Matendo 13, kana kwamba kabla ya hapo hakuna mtu wa Mataifa aliyeamini. Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa Kaisaria, nyumbani kwa Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi asiye Myahudi (Matendo 10). Petro alitoka Yafa akiongozana na ndugu sita, mwendo wa kilomita 50 hivi kufuata pwani, wakawasili siku ya pili. Kaisaria ipo kwenye ramani, Yafa haipo.

Tena tazama kona ya chini kushoto. Kisanduku cha ufunguo wa ramani kimebandikwa juu ya pwani ya Libya, kikafunika Kirene yote. Mji huo si wa kufunikwa: Matendo 11:20 inasema ni watu wa Kipro na Kirene waliofika Antiokia wakawahubiri Wayunani (Wagiriki), wakati waamini wenzao waliotawanyika kwa sababu ya mateso walikuwa wakisema na Wayahudi peke yao. Waafrika walikuwa miongoni mwa waliothubutu kwanza, na mtoto wa Kayole au Kibera anastahili kuuona mji wao ukutani.

Kasoro ya pili inaudhi zaidi. Safari zimepewa rangi nne: tatu za kuhubiri na moja ya kwenda Roma. Ile ya Matendo 15, kutoka Antiokia kupitia Foinike na Samaria hadi Yerusalemu, haina hata mstari. Huko ndiko mitume na wazee walikoamua kwamba mtu wa Mataifa halazimiki kutahiriwa ili aokoke. Bila uamuzi huo mishale ya safari ya pili haieleweki, maana Paulo na Sila walipita mji kwa mji wakiwakabidhi watu amri hizo. Chora mstari huo mwenyewe.

Sasa vibandiko, na hapa usiwe na haraka. Nunua vya duara vya rangi mbili, buluu na kijani, vya milimita 8. Vikubwa zaidi hufunika majina ya miji. Buluu bandika kila mji ambao Matendo inataja Paulo akiingia katika sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi, wakati wa safari hizi: Salami, Antiokia ya Pisidia, Ikonio, Thesalonike, Beroya, Athene, Korintho, Efeso. Kijani bandika palipotajwa Wayunani au watu wa Mataifa walioamini. Miji mingi itapata vyote viwili, na hilo ndilo somo lenyewe. Walimu wengi hufundisha kwamba Paulo aliposema katika Matendo 13:46, "twawageukia Mataifa," aliachana na Wayahudi. Fuata buluu kwa kidole: mji unaofuata ni Ikonio, na 14:1 anaingia tena sinagogini. Huko Korintho anayasema karibu yale yale, anahamia nyumba iliyopakana na sinagogi, na Krispo mkuu wa sinagogi anaamini pamoja na nyumba yake yote. Akifika Efeso anaanzia sinagogini tena. "Kwa Myahudi kwanza, na kwa Myunani pia" ya Warumi 1:16 inaonekana barabarani.

Filipi usiibandike buluu. Wanawake walikutana kuomba kando ya mto, sinagogi haikutajwa. Listra nayo vivyo hivyo.

Kuhusu kutundika: plastiki inang'aa, kwa hiyo usiiweke ukuta unaotazamana na dirisha. Matundu yapo kona mbili za juu tu na chini hujikunja. Fundi yeyote wa turubai atakutobolea mengine mawili, kisha upitishe ubao mwembamba. Ukiihifadhi, iviringe picha ikiwa nje, nayo ikitundikwa kingo zitaelekea ukutani. Mistari iandikwe kwa kalamu ya ubao mweupe. Ile isiyofutika itahitaji spiriti, na spiriti nyingi hufifisha plastiki. Rangi nyekundu ya safari ya kwanza na chungwa ya tatu hazitofautiani jioni chini ya balbu hafifu, hivyo andika namba 1 na 3 kwenye mishale.

Kwa kikundi cha watu kumi sebuleni, A1 inatosha. Ukumbi wa kanisa unahitaji A0, la sivyo walioko nyuma wataona mishale bila majina. Ya karatasi tupu ni rahisi, lakini vibandiko vikibanduliwa huondoka na wino. Mwambie muuzaji aifungue yote kabla hujalipa, kwa kuwa nyingine zina mkunjo uliopasua plastiki kwenye pwani ya mashariki ya Bahari ya Aegea, pale pale Efeso ilipo.